Mwizi Asiyejua Kimakonde

Juzi nilikuwa kwenye intaneti kafe moja hapa mtaani Chikongola. Kando yangu alikaa mama mkulima wa korosho kutoka Nanyamba, dada mhudumu akimsomea barua pepe ya bintiye anayesoma India: "Mama, nimeibiwa kila kitu. Tuma pesa leo kwa jina la rafiki yangu, na usimwambie mtu."

Mama alishika pindo la khanga alimofunga pesa, akaanza kulifungua. Kisha akaliachia, akamgeukia mhudumu.

"Mwanangu hunisalimia kwa Kimakonde kwanza. Mwambie huyo anisalimie."

Dada akaandika hivyo, akatuma. Jibu likaja: "Mama, huu si wakati wa mchezo!"

"Mwizi huyo!" mama akasema, akaomba simu ya mhudumu ampigie bintiye.

Binti alipokea, mzima kabisa. Alikuwa ameacha barua pepe yake wazi kwenye kompyuta ya watu, akaingia mwingine. Siku hiyohiyo akabadili neno la siri. Kafe nzima tulimpigia mama makofi, naye akafunga vizuri pindo lake.

Wasomaji wa safu hii huniuliza watajilindaje mtandaoni. Muulizeni yule mama. Mimi, msomi wa kando yake, kabla hajaomba salamu nilikuwa nimeshatoa pochi nimchangie.