Madam Acom Ajibu Onyo

Madam Acom ni katibu wa shule yetu hapa Mulanda, na kwa miaka tisa kazi yake kubwa imekuwa kusafisha kompyuta tunayoichafua sisi walimu. Tunaingia ofisini kwake kutafuta matokeo ya mpira, ukurasa unaomba kututumia taarifa, tunabofya "Ruhusu" bila kusoma, tunaondoka. Mimi Othieno wa darasa la sita ni mmoja wao, sina haja ya kuficha. Nyuma yetu kioo kinageuka chekundu: "ONYO! Virusi 39 vimepatikana. Usizime kompyuta. Pakua kisafishaji sasa au piga namba hii."

Virusi hakuna. Wanataka tu upakue takataka zao. Acom anafunga, anaingia kwenye mipangilio, anauondoa ule ukurasa tulioupa ruhusa. Dakika tano, kazi kwisha. Kinachomchosha ni Mzee Obbo, mwalimu mkuu.

Obbo ni mtu wa faili. Kwake yeye, karatasi yenye maneno makali lazima ijibiwe. Onyo likitokea anaamuru lichapishwe, analigonga muhuri wa "Imepokelewa," kisha:

"Madam, andika jibu."

"Mwalimu, hii ni uongo ya internet."

"Uongo gani inaandika namba ya simu? Andika."

Basi Acom anaandika: onyo lenu tumelipata, tunalishughulikia. Obbo anatia sahihi bila kusoma, muhuri, faili. Anwani ya kulipeleka hakuna.

"Unaona?" anasema kompyuta ikitulia. "Watu wakijibiwa vizuri hawasumbui."

Wakati huo, chini kabisa ya trei yake, zilikuwa zimelala barua tatu za Acom mwenyewe. Mama yake kule Merikit alikuwa anapofuka. Daktari wa Tororo alishampangia upasuaji wa macho, Jumatatu, na hakukuwa na mwingine wa kumpeleka na kumuuguza. Acom aliomba siku saba tu. Kila akiuliza, Obbo alijibu, "Nimeiona. Ngoja." Barua zenyewe aliziandika kwa adabu, na mnyonge hana haki.

Ijumaa nilimkuta ameketi mbele ya kioo chekundu, mikono mapajani.

"Othieno, nimechoka," aliniambia. "Hata nguvu ya kukutukana sina."

Niliona aibu. Afadhali angenitukana.

Alilifunga lile onyo, akafungua ukurasa mweupe, akaandika kwa herufi kubwa nyekundu: "ONYO! Katibu wenu amepatikana na uchovu. Mama yake anapofuka. Mpeni ruhusa ya siku saba SASA." Akachapisha, akaipeleka.

Obbo aliigonga muhuri bila hata kuvaa miwani. "Hawa tena! Andika jibu."

Acom akaandika: ruhusa imetolewa, siku saba, kuanzia Jumatatu. Sahihi. Muhuri.

"Faili," Obbo alisema.

"Ndiyo, Mwalimu." Nakala moja akaniachia mimi. Barua yenyewe akaitia kwenye mkoba wake.

Jumatatu kioo kiligeuka chekundu mapema, na safari hii si mimi niliyebofya. Obbo alizunguka ofisi nzima na karatasi mkononi, akitafuta mtu wa kumwandikia jibu. Nilimpa ile nakala. Alitazama sahihi yake, akavaa miwani, akaisoma polepole hadi mwisho. Halafu akavuta trei, akazitoa zile barua tatu kutoka chini, akazisoma nazo.

"Mama yake," aliniuliza, "anaitwa nani?"