Namba ya Nje ya Mabano

Chokaa ikimwagiwa maji hutoa joto na harufu kali inayokwangua koo. Harufu hiyo ilijaa darasani kwetu mwaka tulioingia kidato cha nne, katika sekondari ya kata kwenye mteremko wa Uluguru, ambako ukungu uliingia madirishani asubuhi na kukaa nasi mpaka karibu na mapumziko. Wazazi ndio waliopaka kuta chokaa. Mwalimu wetu wa kemia, kijana aliyekuwa akijitolea huku akisubiri ajira, alitufundisha kujumlisha uzito wa atomu ili kupata uzito wa fomula: kalsiamu arobaini, oksijeni kumi na sita, haidrojeni moja. Tulianza na maji, tukaenda kwenye chumvi, na majibu yakatoka sawasawa. Kisha akapata kazi Dodoma, akatuaga, akashuka mlima. Hakuna aliyeletwa badala yake.

Rafiki yangu Felista, binti wa mkulima wa kabichi, ndiye aliyeokota chaki. Alitaka kuwa muuguzi katika hospitali ya misheni, na bila kemia asingepokelewa chuoni. Kitabu kilikuwa kimoja, kimechanika, na Kiingereza chake tulikisoma kwa kupapasa. Kila alasiri, wenzetu wa madarasa mengine wakishaenda kumwagilia mboga, sisi tulibaki tukimsikiliza. Siku moja akatuandikia fomula ya chokaa iliyomwagiwa maji: kalsiamu mbele, oksijeni na haidrojeni zikiwa ndani ya mabano, na mbili ndogo nje yake. Akasema ile mbili ni ya haidrojeni, kwa kuwa ndiyo iliyo jirani nayo. Arobaini, kumi na sita, na mbili: hamsini na nane. Tulinakili wote. Felista hakuwa mtu wa kukosea, na mimi kwa mara ya kwanza nililipenda somo lile.

Baada ya mtihani wa taifa mimi na Felista tulishuka mjini, tukamtembelea binamu yake aliyekuwa akisoma chuo pale Mazimbu. Tukamwamkia, akatukaribisha soda, akauliza maswali yalikuwaje. Felista akamwandikia lile swali la mabano kwa furaha, pamoja na jibu. Binamu alilitazama, akasema kwa upole kwamba namba ya nje inagusa kila kilichomo ndani. Oksijeni nayo ni mbili. Jibu ni sabini na nne.

Felista aliuliza, "Kila penye mabano?"

"Kila penye mabano."

Akaiweka soda chini. Tukiwa njiani kurudi, kwenye kona ya kanisa, akasimama. "Wenzangu nimewaua," akasema.

Matokeo yalipotoka, darasa letu halikupata hata mmoja aliyefaulu kemia. Nilimwambia kuna mengi tusiyofundishwa kabisa, si yale mabano peke yake. Hakunisikia. Mama wa mwenzetu mmoja, aliyemtegemea mwanawe, aliacha kuitikia salamu ya Felista, na baadaye Felista mwenyewe akaacha kuja kwenye sala za jumuiya.

Leo naishi Kihonda, huko mjini. Binti yangu akikwama kwenye hesabu kama zile, anaiuliza simu, anapata jibu kabla chai haijapoa. Juzi nilipanda kijijini kwa msiba. Shule ile sasa ina maabara yenye vigae na mabomba, imefungwa kwa kufuli. Wanafunzi waliniambia mwalimu wa kemia alihama na hajapatikana mwingine. Nilimkuta Felista kando ya barabara akifunga karoti mafungu. Tulisalimiana vizuri. Nikamwuliza habari za mwanawe wa kidato cha tatu, nikasema nimesikia ana akili sana, na kwamba wenzake wanamfuata awaelekeze.

"Nimemkataza," alisema, akiendelea kukaza kamba. "Asome chochote anachotaka. Kufundisha wenzake, hapana."

Nikamlipa mafungu mawili. Nikachukua karoti zangu, nikashuka kwenda kupanda gari.