Managu Yaliyokataa Kuwa Machungu

Wifi yangu Phelista hajawahi kununua mboga. Huku kwetu, nje kidogo ya mji wa Kitale, watu wakipalilia mahindi yeye huwafuata nyuma akipiga kelele: "Acha hiyo! Hiyo ni chakula, wewe unaita magugu?" Huokoa mrenda hapa, managu machungu pale, miroo kando ya ua, mpaka leso yake inajaa. Kaka yangu Wangila alimwoa kutoka Lugulu, na mimi husema alilipa mahari kwa ajili ya mikono yake, maana sura nzuri hata kwetu zilikuwepo.

Sifa yake kubwa ni munyu. Si chumvi ya dukani. Ni maji ya majivu. Huchoma maganda makavu ya maharagwe, akatia majivu kwenye mkebe uliotobolewa chini, akamwagia maji, na yanayodondoka ndiyo hulainisha mboga ngumu. Yakiwa hafifu, utatafuna kamba. Yakiwa makali, yatakuchubua mdomo. Kipimo ni ncha ya ulimi wa mpishi, basi.

Mwaka huu aliugua mafua mabaya. Alipopata nafuu alinijia na sufuria mkononi, amenuna.

"Wifi, onja. Ati haya ni managu? Si ni nyasi tu, bana! Uchungu umeenda wapi?"

Nikaonja. Yalikuwa machungu kama shubiri. Nikamtazama yeye, nikatazama sufuria, nisielewe kama ananitania. Kwetu humkosoi mtu aliyekupikia, tena mke wa kaka yako. Nikasema, "Kweli, yamepoa kidogo."

Kumbe kila aliyemuuliza alimjibu hivyohivyo, na yeye akazidi kuchanganyikiwa. Akalaumu mbolea. Akalaumu mvua. Akamlaumu ng'ombe, kwamba maziwa anayochanganya na mboga yamekuwa matamu mno. Mwishowe akafunga safari mpaka Lugulu, akachuma managu nyuma ya boma la marehemu mama yake, akarudi na gunia. Akachemsha, akaonja, akakaa chini jikoni.

"Hata kwetu wameyabadilisha," alisema. "Sasa nitaenda wapi?"

Mimi mwenyewe sikujua tena ulimi wa nani ni mzima. Nilianza kuonja chai yangu mara mbilimbili kabla ya kunywa.

Yote haya yangebaki mchezo kama si posa ya binti yake, Jentrix. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Malakisi, na katika ukoo wetu kuku anaweza kupikwa na yeyote, lakini mboga ya wakwe hupikwa na mama wa binti. Hiyo ndiyo wageni hupimia nyumba. Ikiwachubua midomo, itasemwa huko Malakisi mpaka Jentrix azeeke.

Siku yenyewe nilimkuta jikoni akichuja munyu. Akagusa kwa ulimi. "Maji tu." Akaongeza majivu, akachuja tena, akagusa. "Maji tu, jamani!" Niliposogea, kikombe kilikuwa na kitu cheusi kama kahawa ya matangani, na alikuwa amekiinua juu ya chungu cha miroo.

"Mama Jentrix, ngoja."

"Ningoje nini? Wageni wako barabarani."

Nikachovya kidole, nikakilamba. Moto! Nilitema, nikakimbilia maziwa, machozi yananitiririka.

Phelista alibaki amesimama akiniangalia. Halafu akachovya kidole chake, akalamba, akangoja. Akalamba tena.

"Na yale managu ya Lugulu?" aliniuliza polepole.

"Yalikuwa machungu, wifi."

"Na ya hapa?"

"Na ya hapa."

"Mlijua nyote?"

"Tulikuheshimu tu."

"Heshima!" Aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Mmeniacha nigombane na mboga siku zote hizi, na kumbe ni mimi?"

Niliona aibu hata nikakosa pa kuweka macho. Nje tulisikia Jentrix akiwakaribisha wageni. Phelista akajifuta uso kwa leso, akamwaga nusu ya ule munyu, akaongeza maji, akanisukumia kikombe.

"Onja wewe."

"Bado mkali."

"Na sasa?"

"Ongeza maji kidogo. Hapo, hapo. Tia."

Wakwe walikula, wakaomba waongezwe. Mzee wao alisema hajala mboga kama hiyo tangu mama yake afariki, na sebule nzima ikashangilia. Niliporudi jikoni kuchukua maji ya kunawa, nilimkuta Phelista peke yake na sahani yake, anatafuna.

"Wifi," aliniita kwa sauti ya chini. "Niambie. Iko namna gani?"

Nikafungua mdomo. Nimekula mboga ile maisha yangu yote, na sikujua nianzie wapi. Nikaketi kando yake, nikachota tonge, nikaanza kutafuna polepole huku ananitazama mdomoni.