Leseni ya Anyitike

Mwaka 1956, Anyitike alipewa leseni ya kubeba abiria mjini Mbeya baada ya kulizunguka soko mara moja tu. Mtahini hakupanda hata garini.

Safari yake ya kwanza kwenda Iringa, basi lilimshinda mlimani, likarudi nyuma mpaka likagonga ukingo. Mama mmoja akavunjika mkono.

Anyitike akamrudia mtahini. "Nipime upya, bwana. Mara hii mlimani."

Mtahini akacheka. "Leseni unayo, unataka nini tena?"

Anyitike akaiacha leseni mezani, akatoka.

Madereva wenzake, waliopimwa vilevile, waliona amewaumbua. Kila alipoketi hotelini, walihamia meza nyingine. Mwishowe akarudi kwao Rungwe kulima kahawa. Mabasi yalipita karibu na shamba lake, na hakuna dereva aliyempigia honi.