Pasi ya Mwalimu

Siku niliyomfungia sola mwalimu wangu wa darasa la nne, kule Kanja, nilikuwa nimesahau koleo la kubania lagi mjini Embu. Lagi ni kile kichwa cha shaba kinachovishwa mwisho wa waya mnene ili ufungwe kwenye betri kwa bolti. Kisipobanwa vizuri, waya hucheza, hupata moto na kuungua. Nililijua hilo vizuri. Hata hivyo nilikibana kwa plaisi ya kawaida, nikakigonga kwa nyundo, nikazungushia tepu nyeusi, nikajiambia nitarudi wiki ijayo kukirekebisha. Sikurudi.

Mwalimu alikuwa amestaafu, na sola ile ilikuwa ya mashine ya kutotoa vifaranga. Asubuhi moja akanipigia simu. "Kuna harufu ya kuungua, na stima imepotea tangu jana."

Nilipofika, tepu ilikuwa imeyeyuka na ile lagi imekuwa nyeusi. Mayai yalikuwa na siku kumi na tisa. Zilibaki siku mbili tu yaanguliwe. Alipasua moja mbele yangu. Kifaranga kilikuwa na manyoya yote.

"Jana uliwasha nini, Mwalimu?" nikauliza.

"Pasi tu. Nilikuwa nanyoosha nguo za kanisa."

"Basi ni hiyo pasi. Umezidisha mzigo."

Mfumo ule nilikuwa nimeupima mwenyewe ubebe pasi na mashine pamoja. Mwalimu akashika shavu. "Aki pole, mwanangu. Nimekuharibia kazi." Akaenda kunipikia chai. Nilikata waya, nikabana lagi mpya kwa koleo lenyewe, nikakaza bolti, kisha nikanywa chai yake na nduma mbili.

Miezi miwili baadaye tulikutana kwenye harusi Mitunguu. Gauni lake lilikuwa na mikunjo kama karatasi iliyofinywa, na yeye shuleni alikuwa mtu wa kutukagua kola kwenye gwaride la Jumatatu. Akanieleza kwa furaha kwamba pasi ameigawa, na kwamba amewaonya majirani watatu wenye sola wasithubutu kupiga pasi. Chakula kilinishinda.

Jumatatu nikaenda Kanja nikamwambia ukweli wote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani.

"Mayai tisini," akasema. "Na mimi nikakuomba msamaha."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Njoo unionyeshe vile ilipaswa kuwa."

Nilizima swichi kuu, nikamwonyesha waya uliobanwa sawasawa: ukiuvuta kwa nguvu hautoki, bolti haizunguki kwa vidole, na lagi inalala bapa juu ya betri. Akavuta kila waya mwenyewe. Kisha akasema, "Sasa nenda kwa wale majirani watatu. Uwaambie pasi haikuwa na makosa. Usiseme ni mimi nimekutuma."

Nyumba ya kwanza walinicheka. Ya pili, mzee wa nyumba alinisikiliza bila kuacha kupalilia kahawa yake. Ya tatu ilikuwa kazi ya mikono yangu pia, ya mwaka uliotangulia. Mama mwenye nyumba na bintiye walisimama wakinitazama. Nilizima swichi, nikashika waya mnene, nikauvuta. Ukatoka kwenye lagi, ukabaki mkononi mwangu.

Nikamwambia, "Mama, hii niliifunga vibaya," nikaenda kuchukua koleo kwenye pikipiki.