Stelingi Hafi

Kazi yangu ni kutafsiri sinema. Sisemi zile tafsiri za maandishi madogo chini ya kioo. Mimi nasema kwa mdomo, juu ya sauti zao, Kiswahili kinamwagika tangu dakika ya kwanza mpaka majina yanapoanza kupanda. Nina chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu Ruhuwiko. Ukutani nimebandika trei za mayai ili kelele za kuku wa jirani zisiingie kwenye maiki, mezani nina kompyuta inayounguruma, na nina mdomo. Ukienda mjini Songea kujaziwa muvi kwenye flashi, sauti utakayoisikia ikimtukana adui huenda ni yangu.

Na niseme ukweli kabisa: mtafsiri wa sinema ni mwongo mwenye kibali. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena kidato cha nne cha kukaa nyuma. Wakiongea haraka, nabuni. Mzungu akimwambia mwenzake mambo mazito ya bunge lao, mimi nasema, "Kaka, leo pombe ya komoni imeisha mapema!" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, kesho wanarudi. Sheria tunayoiheshimu ni moja tu, nayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: stelingi hafi. Stelingi ndiye mwenye sinema. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi, maana akifa yeye watu watavunja viti.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na kazi ya kusema kweli. Alikuwa ripota wa redio, leo yuko huku, kesho kule, na pikipiki yake. Mama alipenda kututania kwamba tumbo lake lilizaa midomo miwili, mmoja wa kweli na mmoja wa uongo, na kwamba wa uongo ndio unaokula sana. Basi huyo mdogo wangu alikwenda Nalasi, kule Tunduru, kuzungumza na wakulima wa korosho waliokuwa na malalamiko yao. Siku ya tatu akampigia mama simu: nimezungukia Nakapanya kwa wakulima wengine, sasa ndio narudi, nimesimama nanunua karanga, chakula changu mniwekee. Aliyemuuzia karanga ndiye aliyeona. Gari lilisimama, wakashuka wanaume wawili, wakamwita kwa jina lake kabisa, kama watu wanaofahamiana. Akawafuata. Mlango ukafungwa. Pikipiki ilibaki pale pale kwenye stendi yake, na mfuko wa karanga ukining'inia kwenye usukani. Walikuwa akina nani, na kwa nini, mpaka leo sijui, na hapa sitabuni. Nimebuni vya kutosha kwenye sinema.

Tulitafuta. Nani atasema hatukutafuta? Vituo vya polisi, hospitali, mochwari, waganga wa kila aina ambao mama, Mkatoliki wa kutupwa, hakupaswa hata kuwajua. Yakapita majuma, yakapita miezi. Kwenye sala za jumuiya yetu ya kanisa kila mtu hutaja nia yake: huyu anaombea wagonjwa, huyu wasafiri, huyu marehemu wake. Mama kila wiki alisema hivi hivi: "Tumwombee mwanangu aliye safarini." Mwanzoni watu waliitikia kwa nguvu. Baadaye waliitikia kwa sauti ya chini, wakitazama mkeka. Ulipofika mwezi wa kumi na moja, ambao kwetu ni mwezi wa marehemu, mwenyekiti wa jumuiya, mzee mpole sana, akamuuliza pole pole kama jina la kijana nalo liandikwe kwenye orodha. Mama akamkazia macho.

"Umemzika wewe?"

Mzee wa watu akafunga daftari lake. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, natazama magoti yangu.

Kwa sababu mimi nilijua. Sitazunguka mbuyu. Miezi miwili na nusu baada ya siku ile ya Nakapanya, nilipigiwa simu na polisi nikaambiwa niende. Waokota kuni walikuwa wamemkuta mtu porini, mbali na barabara. Nilipofika nilikuta wameshamzika huko huko, hali haikuruhusu kusubiri. Nikaonyeshwa vitu ndani ya mfuko wa nailoni. Kulikuwa na shati la bluu, na kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Mama ndiye aliyekishona, siku uzi wa bluu ulipokosekana, na mdogo wangu alivaa hivyo hivyo, akiwaambia wenzake kuwa huo ndio muhuri wa nyumbani. Nikasema ndiyo, ni lake. Nikatia sahihi. Wakanipeleka kwenye tuta la udongo lenye tawi juu yake, nikasimama hapo sijui kwa muda gani, kisha nikapanda gari kurudi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga.

"Enhe?"

"Siyo yeye, mama. Ni mtu mwingine kabisa."

Akafanya ishara ya msalaba kwa mkono ule ule wenye unga. "Masikini," akasema, "mwana wa mwenzangu." Na tangu siku hiyo, kila aliposali rozari, aliongeza kumi zima la Salamu Maria kwa ajili ya yule mtu wa porini asiye na wenyewe. Nilikuwa namsikia kupitia ukuta. Nilitamani nijigonge kichwa.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Mama ana presha, na nesi alikwisha kunionya nisimletee habari za kushtua, nami nikalishika neno la nesi kwa mikono miwili. Kumbe nilikuwa namwogopa. Kila Jumamosi mama alilitoa godoro la mdogo wangu, akalianika juani na kulipiga fimbo litoe vumbi. Wewe ungemwambiaje mtu wa namna hiyo? Basi kesho ikazaa kesho, mwaka ukakatika.

Ndipo ikaja ile sinema. Aliniletea mteja wangu wa mjini, mwenye duka la muvi, akitaka niitie Kiswahili haraka haraka. Ilikuwa habari ya kweli: mwandishi wa habari mgeni ametekwa kwenye nchi yenye vita, amefungwa miezi mingi, ametoka, ameandika kitabu cha yaliyompata, na kitabu kimegeuzwa sinema. Tulikuwa tunaongea uani, na mama alikuwa pale anachambua maharage. Mteja alipoondoka, mama akaniita.

"Umesema ametekwa nani?"

"Mwandishi, mama. Mambo ya huko kwao."

"Na kitabu ameandika nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe, kwa mkono wake?"

"Ndiyo."

Mama akacheka. Nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu Nakapanya. "Basi alirudi," akasema. "Maiti haiandiki kitabu. Si ninyi wenyewe mnasema stelingi hafi?" Akapuliza maganda ya maharage. "Jumapili nikitoka misa utanionyesha. Nataka nione amerudije."

Ningekataa vipi? Mama ambaye siku zote sinema zangu aliziita makelele ya walevi! Kwa kawaida naitazama sinema nzima kabla ya kuitafsiri, lakini ile niliitazama robo tu, umeme ukakatika, na Jumapili ikanikuta sijarudia. Mama alikuja na kitenge chake cha kanisani, akakaa kwenye kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta, miguu pamoja, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa ofisini. Nikakaa pembeni yake bila maiki na kuanza kumtafsiria sikioni.

Sikubuni kitu mwanzoni, nilijitahidi sana. Mwandishi alikamatwa yeye na dereva wake, mwenyeji wa nchi ile, kijana mwembamba anayependa utani. Wakafungwa chumba kimoja. Mama hakumwangalia sana mwandishi.

"Huyu mwenzake ni nani?"

"Dereva wake."

"Mbona hawamsemi? Kila mara mwandishi, mwandishi. Huyu hana wazazi?"

"Anao, mama. Tulia, wataonyesha."

Basi walimtoa yule dereva nje, nyuma ya ukuta. Mlio ukasikika. Ndani, mwandishi akajikunja na kuuma shati lake. Mdomo wangu, huu mdomo wa kazi, ukaenda wenyewe: "Amekimbia! Wamefyatua hewani, dereva amewatoroka."

Halafu wakaonyesha nyumba moja. Wanawake wamekaa chini, katikati yupo bibi mmoja kajifunika kichwa, wenzake wamemshika mabega. Hakuna aliyeongea. Hakukuwa na Kiingereza chochote cha kutafsiri, ningeweza kunyamaza tu. Nikasema, "Huyo ndiye mama wa dereva. Wanamsubiri. Wamefurahi kwamba ametoroka." Loo! Hata mimi nilijisikia aibu kwa sauti yangu.

Sinema ikaendelea. Mwandishi akaachiwa, akashuka kwenye ndege, mkewe akamkumbatia, majina yakaanza kupanda. Nikanyoosha mkono nizime.

"Rudisha pale," mama akasema.

"Wapi, mama?"

"Wanawake walipokaa chini."

Nikarudisha. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Simamisha. Hapa ulisema nini?"

"Wanamsubiri."

"Baba," akaniita. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake. "Mtu akisubiriwa, watu hukaa kwenye viti. Mimi nimesubiri mwaka mzima kwenye kiti. Hawa wako chini."

Mwenye macho haambiwi tazama.

"Dereva amekufa," akasema.

"Amekufa, mama."

"Naye hakuandika kitabu."

"Hakuandika."

Kompyuta iliunguruma. Kisha mama akageuka kwenye kile kiti, akanitazama mimi sasa, siyo kioo, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na mimi, umenitafsiria nini kingine?"

Nikamwambia. Nilianzia kwenye simu, nikaja kwenye mfuko wa nailoni, nikaja kwenye kifungo na uzi wake mwekundu. Nilipofika kwenye uzi alinipiga kofi. Nina miaka arobaini na mitatu, nina ndevu zenye mvi, na mama yangu alinizaba kofi moja la nguvu, na nililihitaji. Akaanza kuuliza. Nani alimzika? Kulikuwa na padri? Walimfunika na nini? Kichwa walikielekeza wapi? Kila swali jibu langu lilikuwa sijui, mama, sijui, mpaka neno lenyewe likapoteza maana.

"Na yule wa porini niliyekuwa namwombea?"

"Ndiye yeye, mama."

"Basi nilimwombea," akasema. Akalirudia neno hilo mara tatu, polepole. Akashuka kwenye kiti, akakaa sakafuni palepale katikati ya nyaya zangu, akavua kitambaa cha kichwa na kukifunga kiunoni. "Kawaite watu."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Kwa mwenyekiti wa jumuiya nilishindwa kusema, nikasimama tu uani kwake. Akachukua kofia na kunifuata bila kuuliza. Kabla ya jua kuzama viti na makochi yote yalikuwa nje, mikeka imetandikwa sebuleni, wanawake wamemzunguka mama, na wanaume tumewasha moto uani maana Songea kulikuwa na baridi ile ya kuuma masikio. Lakini mama hakuwa akilia. Alikaa, akapokea mikono ya watu, akaitikia pole. Macho makavu. Wanawake wakaanza kuangaliana, maana walijua, na mimi nilijua, kwamba mtu akifungiwa kilio kifuani mwaka mzima kinaweza kumwua. Usiku ukapita hivyo. Asubuhi ikafika hivyo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule porini.

Saa nne ya asubuhi, mtaa mzima ukiwa umeshajua habari ya tuta, ya tawi na ya uongo wangu, akaja mtani wetu. Ni Mhehe, mama fundi cherehani wa mtaa wa pili, na sisi Wangoni na Wahehe misibani hatuheshimiani. Ndiyo mila. Akasimama mlangoni, amevaa shati la kiume lisilo lake, na mkononi ameshika gunzi la hindi karibu na mdomo, kama maiki.

"Kamwene, Wangoni!" akapaaza salamu ya kwao, tena kwa ile sauti ya mdogo wangu ya redioni, jinsi alivyokuwa akivuta maneno mwishoni. Nywele zilinisimama. "Ndugu wasikilizaji, nawasalimu kutoka porini. Mimi ni maiti kamili, nina udongo wangu na nina tawi langu. Nilipaswa kuwa hewani tangu mwaka jana, lakini tunaomba radhi, kulitokea hitilafu ya mitambo. Kaka yangu alikuwa anatafsiri!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama naye alicheka, akacheka mpaka akainama, na katikati ya kicheko sauti yake ikakatika, ikageuka, ikatoka kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa binadamu. Wale wanawake wakamdaka mabega. Na yule Mhehe hakunyamaza! Aliendelea na gunzi lake, "Mama, chakula changu mliniwekea wapi?" Damu ikanipanda. Nikavuka mikeka kwenda kumnyang'anya lile gunzi na kumtoa nje, mila au si mila.

Mama akanishika pindo la suruali akiwa pale chini, machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

"Mwache aseme," akaniambia. "Huyu hajanidanganya. Wewe kaa chini."

Nikakaa chini.