Injini Iliyowatawanya Majirani wa Lwaboshi

Injini ilifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ndani ya magunia matatu, nyuma ya pikapu, katika miaka ile ambayo redio ilitaja Uvira, kule Kongo, kila jioni na haikutaja jema hata mara moja. Mwenyewe, Bwana Kachale wa Area 49 kule Lilongwe, alikuwa na gari la Kiingereza, MG ya viti viwili isiyo na paa. Aliifungua injini yake kwa ujuaji, akashindwa kuirudisha. Na kwa kuwa mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi mjini, kazi ikamfuata mkimbizi nyumbani.

Lwaboshi, fundi magari kutoka Kongo, alimwaga vyuma juu ya turubai, akasahau kula. Kule Uvira alitengeneza Peugeot za misheni; tangu akimbie alikuwa ameshika jembe tu, na hamu ya kazi yake ilimtafuna kimyakimya. Sasa kila kipande kilikuwa swali. Injini ndogo hivi, kabureta mbili za nini? Na mbona spana zake zote zinapwaya kwenye nati? Kumbe Waingereza hupima kwa inchi! Akaenda kuazima spana za inchi kwa mafundi wa Mchesi, mtaa wa Lilongwe. Majirani wakaja na vigoda vyao kutazama, kila mmoja na ushauri wake, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki baiskeli. Mkewe Béatrice, mshonaji, akamkatia kwa mkasi wa nguo gasketi za pembeni, zile karatasi ngumu za kuziba maungio, akinung'unika mkasi unaharibika.

Siku ya kuiwasha, injini ilifungwa juu ya fremu ya mbao na ua ukajaa watu. Lwaboshi akagusisha nyaya za betri. Paa! Moto ukaruka kwenye kabureta. Paa! Paa!

Uani hakubaki mtu aliyesimama. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wengine walilala kifudifudi palepale, wengine walikuwa wameshavuka shamba la mahindi. Jirani yao Orpa, aliyepoteza ndugu zake vitani kule Fizi, alikutwa mtaroni amewalalia wanawe. Hakuna aliyecheka.

"Papa Gabriella," Béatrice alimwambia mumewe, "hii kitu njo tulikimbia. We unaileta mu nyumba?"

Majirani walikaa, wakaamua: ajaribu mara moja tu. Ikilia kama bunduki tena, inarudi Lilongwe ndani ya magunia yake.

Lwaboshi aliona aibu hata akashindwa kumtazama Orpa. Lakini kichwa hakikutulia. Moto upo, petroli inafika. Mbona unawaka wakati vali ziko wazi? Kachale alikuwa amefunga vitambaa vyenye namba kwenye nyaya za buji, yaani plagi za cheche. Lwaboshi aliihesabu silinda ya kwanza kuanzia nyuma, upande wa gurudumu zito, maana Peugeot huhesabiwa hivyo. Akaitazama feni mbele. Je, Mwingereza akianza kuhesabu huku? Akachomoa buji ya mbele, akaziba tundu kwa kidole, akaizungusha injini taratibu. Hewa ikamsukuma kidole palepale rota, kile kidole kinachogawa moto, ilipoelekea waya namba moja. Alicheka peke yake kama mwehu. Chuma hakikuwa na kosa. Yeye ndiye aliyekihesabu kuanzia mkiani.

Akahamisha nyaya, kisha akapita mlango kwa mlango, hodi hodi, kuwaambia kwamba kesho asubuhi ataiwasha. Asiyetaka kusikia aende bombani. Kwa Orpa alifika mwisho.

"Mama, unisamehe. Na kesho, siwezi kukuapia kama haitapiga."

"Nitakuja," Orpa alisema. "Mi nataka kuona ile yenye ilinilaza mu mutaro."

Asubuhi watu walisimama mbali, mguu mmoja tayari kukimbia. Orpa peke yake alikuja hadi kwenye turubai. Lwaboshi alimwomba Mungu, akagusisha nyaya. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika, ikanguruma sauti moja nene isiyokatika. Haikuwa na maji ya kuipoza, kwa hiyo akaizima upesi.

Orpa alikuwa amefumba macho, mikono kifuani, jasho likimtiririka.

"Washa tena, Papa Gabriella," alisema. "Washa mpaka moyo wangu uzoee."